Plastiki yenye fuwele na isiyo na fuwele: ipi inafaa kazi yako?

Kila aliyewahi kuwa na makasha ya CD anaujua mwisho wake. Kasha linadondoka mara moja tu, tak, kijino cha bawaba kinakatika, na tangu siku hiyo kifuniko kinaning'inia upande mmoja. Sasa tazama kifuniko cha kubonyeza cha chupa ya shampuu. Bawaba yake haina pini wala tundu. Ni utando mwembamba wa plastiki ileile ya kifuniko, na unakunjwa na kukunjuliwa kila siku mpaka shampuu inaisha, chupa inatupwa, bawaba ingali nzima.

Kasha ni polistairini, kifuniko ni polipropilini. Zote mbili ni kaboni na haidrojeni tu, na zote mbili ni molekuli ndefu kama minyororo. Kinachozitenga ni namna minyororo hiyo ilivyolala. Ndani ya kasha imevurugika kama mafundo ya uzi uliochezewa na paka. Ndani ya kifuniko sehemu kubwa ya minyororo imejikunja na kujipanga safu kwa safu, ikawa fuwele. Kundi la kwanza wataalamu huliita amofasi. Hapa nitasema plastiki isiyo na fuwele. La pili jina lake sahihi ni nusu-fuwele, kwa kuwa hakuna plastiki ya kiwandani iliyo fuwele tupu, lakini kwa ufupi nitasema yenye fuwele.

Watu wengi huchagua plastiki kwa jina au kwa sura. Mimi nadhani swali la kwanza liwe hili la mpangilio wa minyororo, na la pili liwe ilipozwa vipi kiwandani, maana hilo la pili linaweza kulipindua la kwanza. Tutafika huko.

Mnyororo mrefu unaingiaje kwenye fuwele?

Maji ya chumvi yakikauka, fuwele hujitokeza bila shida. Chembe za chumvi ni ndogo, kila moja inapata pa kukaa. Mnyororo wa polima, yaani molekuli ndefu ya plastiki, ni shughuli nyingine kabisa. Chukua molekuli moja ya polietilini yenye atomu 10,000 za kaboni. Ukiinyoosha inapata urefu wa maikromita moja na ushee. Ungekuwa uzi wenye unene wa milimita moja, urefu wake ungekaribia mita tatu. Ndani ya plastiki iliyoyeyuka kuna mabilioni kwa mabilioni ya nyuzi kama hizo, zimesokotana, na zote zinatakiwa zijipange katika muda mfupi tu kabla plastiki haijaganda.

Mwaka 1957 Andrew Keller wa Chuo Kikuu cha Bristol alikuza fuwele za polietilini kutoka kwenye kimiminika, akazitazama kwa hadubini ya elektroni. Alikuta vibamba vyenye unene wa nanomita 10 hivi. Kilichoshangaza si wembamba wake. Ni kwamba minyororo ilikuwa imesimama wima ndani ya bamba, haikulala. Kitu chenye urefu wa zaidi ya nanomita 1,000 kimesimama ndani ya chumba chenye kimo cha nanomita 10! Jibu lilikuwa moja tu: mnyororo unapanda, unageuka, unashuka, unageuka tena, zaidi ya mara mia moja, kama futi ya fundi cherehani iliyokunjwa kwenda na kurudi. Watafiti wengine wawili, Till na Fischer, nao walizipata fuwele hizo mwaka huohuo, kila mmoja kivyake.

Kwenye plastiki inayoganda ndani ya kalibu mambo hayawi nadhifu hivyo. Mnyororo mmoja unaweza kuingia kwenye bamba hili, ukatoka, ukakatiza eneo la vurugu, kisha ukaingia bamba la jirani. Vipande hivyo vya kuvukia ndivyo vinavyoshikilia bamba na bamba, na bila hivyo fuwele zingekatikiana kama vigae. Vibamba hukua kutoka kwenye kiini kimoja kuelekea pande zote, vikafanya tufe. Matufe hukua mpaka yanagongana. Ukiyatazama kwa hadubini yenye mwanga uliochujwa kuwa wa mwelekeo mmoja, kila tufe linaonyesha msalaba mweusi. Ni picha nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuona kwenye sayansi ya vitu vya kawaida.

Lakini si kila mnyororo unaweza kujipanga. Sharti kubwa ni usawa. Mnyororo wa polistairini ya kawaida umebeba pete za kaboni sita zilizochomoza kushoto na kulia bila utaratibu, na kitu cha namna hiyo hakiwezi kupangwa bega kwa bega na mwenzake. Polipropilini nayo ilikuwa na tatizo hilohilo. Ikitengenezwa ovyo, matawi yake madogo yanakwenda huku na huku na inakuwa gundi laini inayonata. Mwaka 1953 Karl Ziegler alipata vichocheo vipya, na mwaka uliofuata Giulio Natta akavitumia kutengeneza polipropilini ambayo matawi yote yamekaa upande mmoja. Gundi ikawa plastiki ngumu inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 160 na zaidi. Hakuna atomu iliyoongezwa wala kupunguzwa. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1963, na kwa maoni yangu ilistahili kwa jambo hilo moja tu.

Polietilini inaonyesha somo hilo kwa hatua. Ile ya zamani, iliyogunduliwa Uingereza mwaka 1933, hutengenezwa kwa shinikizo kubwa na mnyororo wake una matawi mengi. Hii ni LDPE. Matawi yanazuia kujipanga, kwa hiyo ni laini, uzito wake ni gramu 0.92 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, na inayeyuka kwenye nyuzijoto 110 hivi. Ile ya Ziegler, HDPE, karibu haina matawi. Inafika gramu 0.95 na zaidi, na inavumilia mpaka karibu nyuzijoto 130. Fuwele tupu ya polietilini ni gramu 1.00, vurugu tupu ni 0.85 hivi. Kwa hiyo ukipima uzito na ujazo wa kipande, umeshapata makadirio ya kiasi gani kimejipanga. Njia nyingine ni kupima joto linalomezwa na fuwele zinapoyeyuka. Gramu moja ya fuwele tupu ya polietilini inahitaji jouli 293 hivi, basi sampuli iliyomeza 190 ina fuwele kama asilimia 65.

Kuona ndani

Hapa ushindi ni wa plastiki isiyo na fuwele, bila ubishi. Akriliki, polikaboneti na polistairini ni angavu kwa sababu mwanga unapita kwenye vurugu iliyo sawa kila mahali, haukutani na mpaka wowote. Kwenye polietilini na polipropilini mwanga unagonga fuwele, unaingia eneo la vurugu, unagonga fuwele nyingine, na kila mpaka unautawanya kidogo. Matokeo ni ule weupe wa maziwa yaliyochanganywa na maji.

Usigeuze kanuni hiyo kichwa chini. Kitu kisichoonyesha ndani si lazima kiwe na fuwele. Kinaweza kuwa kimetiwa rangi tu. ABS, inayotumika kwenye vitufe vya kibodi na vifuniko vya vyombo vya umeme, ni plastiki isiyo na fuwele lakini haionyeshi ndani kwa sababu imechanganywa na chembe za mpira. Na utando mwembamba wa plastiki yenye fuwele unaweza kuwa angavu, kwa kuwa mwanga haupati nafasi ya kutawanyika sana.

Joto: hapa ndipo wengi hukosea

Plastiki isiyo na fuwele ina kiwango kimoja cha joto cha kuangalia, nacho ni kile cha kulegea. Chini yake minyororo imeganda mahali pake kama kioo. Juu yake inaanza kuteleza, na kitu kinaporomoka. PVC ngumu hulegea kwenye nyuzijoto 80 hivi, polistairini 100, akriliki 105, polikaboneti karibu 147. Uzuri wake ni kwamba haikudanganyi: ugumu unabaki karibu uleule mpaka ukaribie kiwango hicho, ndipo unaanguka kwa ghafla.

Plastiki yenye fuwele ina viwango viwili. Maeneo ya vurugu yanalegea kwanza, lakini fuwele zinabaki zimeshikilia kama misumari kwenye mbao zilizolowa, mpaka nazo ziyeyuke. Polipropilini inalegea karibu na nyuzijoto sifuri na kuyeyuka kwenye 160 hadi 165. Maana yake ni kwamba ukiwa umeishika mkononi, nusu yake tayari imelegea, ndiyo maana haivunjiki upesi, na bado unaweza kuichemshia maji ikabaki na umbo lake. Polistairini kwenye maji hayohayo iko ukingoni.

Kuna makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kuchukua kiwango cha kuyeyuka kama ruhusa ya kazi. Nailoni 6 inayeyuka kwenye nyuzijoto 220 hivi, lakini ikibebeshwa mzigo itaanza kupinda mapema sana kabla ya hapo, kwa kuwa fuwele ni sehemu tu ya mwili wake. Ikitiwa nyuzi za kioo habari inabadilika, inasogea karibu na kiwango chake cha kuyeyuka, na ndiyo maana nailoni ya namna hiyo iko kwenye injini za magari. Kosa la pili ni kusahau baridi. Polipropilini ya kawaida ikiingia kwenye friza inapita chini ya kiwango chake cha kulegea, inakuwa kama kasha la CD. Polietilini haina shida hiyo, kiwango chake kiko zaidi ya nyuzijoto 100 chini ya sifuri. Chombo cha kugandishia vitu ukipewa uchague kati ya hizo mbili, chukua polietilini.

Ukitaka kwenda juu kabisa, wenye fuwele wamo uwanjani: PTFE, ile ya vikaango visivyoshika chakula, inayeyuka kwenye 327, na PEEK, plastiki ya kazi ngumu za kihandisi, kwenye 343.

Kemikali na nyufa zisizotarajiwa

Niliwahi kufuta alama ya gundi kwenye kifuniko angavu cha kifaa kwa kitambaa chenye asetoni. Sekunde chache, kikafifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, kisha nyufa nyembamba zikatoka kwenye matundu ya skrubu na kutambaa kuelekea katikati. Sikuwa nimekigonga. Kilichotokea ni kwamba kimiminika kiliingia katikati ya minyororo iliyovurugika, na pale ambapo skrubu zilikuwa zimeikaza, minyororo ikaachana.

Huo ndio udhaifu mkubwa wa plastiki isiyo na fuwele. Asetoni inaiyeyusha polistairini na ABS, na inaiharibu polikaboneti vibaya. Ndani ya fuwele kimiminika hakipati mlango. Minyororo imebanana mno. Kwa hiyo majerikani ya kemikali na matangi ya mafuta ya magari hutengenezwa kwa HDPE. Gesi nazo ni vivyo hivyo: haziwezi kupenya fuwele, inabidi zizunguke, na safari inakuwa ndefu.

HDPE nayo ina ugonjwa wake. Ikikaa imevutwa muda mrefu huku imelowa sabuni kali, inaweza kupasuka taratibu. Sababu ni ile minyororo ya kuvukia: inachomolewa mmoja baada ya mwingine kutoka kwenye vibamba. Dawa ni kuchagua aina yenye minyororo mirefu zaidi, ili iliyovuka iwe mingi. Nailoni ina kasoro ya aina nyingine, inakunywa maji. Maji huingia kwenye maeneo ya vurugu, na kipande kilichokaa majini kinaweza kuongezeka uzito kwa asilimia 8 au 9, kikavimba na kulainika. Gia ya nailoni iliyopimwa ikiwa kavu si ileile baada ya miezi ndani ya unyevu.

Vipimo

Kujipanga kunachukua nafasi ndogo kuliko vurugu, kwa hiyo plastiki yenye fuwele inanywea zaidi inapoganda. Polikaboneti au ABS hunywea kama nusu ya asilimia moja. Polipropilini, HDPE na asetali, plastiki ngumu yenye fuwele inayotumika kwenye gia, hunywea asilimia moja na nusu, mbili, hata zaidi. Kwenye kitu cha milimita 100 hiyo ni tofauti kati ya nusu milimita na milimita mbili.

Kunywea peke yake si janga, kwani fundi wa kalibu huongeza ukubwa mapema. Janga ni kunywea kusiko sawa. Pale ukuta ulipo mnene joto linachelewa kutoka, fuwele zinapata muda wa kukua, sehemu hiyo inanywea kuliko jirani yake, na kipande kizima kinapinda. Polipropilini huendelea kujipanga siku kadhaa baada ya kutoka kwenye kalibu, maana kwenye joto la kawaida la chumba minyororo yake bado inaweza kusogea. Ukipima leo, upime tena wiki ijayo.

CD yenyewe ni ya polikaboneti, na ukiangalia mahitaji yake huoni ingeweza kuwa kitu gani kingine mwaka 1982 ilipotoka. Mistari ya taarifa imepishana kwa maikromita 1.6, na mwale wa leza lazima upite ndani ya plastiki kwenda na kurudi. Inataka uangavu na inataka vipimo visivyocheza. Fuwele zingeharibu vyote viwili.

Kuhusu gundi sitakaa sana. Plastiki isiyo na fuwele hushika gundi na rangi vizuri, mara nyingi kimiminika kinachoiyeyusha kidogo kinatosha kuiunga. Polietilini na polipropilini zinakataa karibu kila gundi mpaka uso wake utayarishwe kwa moto au umeme. Ziunge kwa kuyeyusha.

Wanaokaa katikati

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kila plastiki ina kabila lake. PET, plastiki ya chupa za maji na soda, inavuruga mpango huo, na ndiyo sababu naipenda.

PET inaweza kujipanga, ila ni mvivu. Polietilini hata uitumbukize kwenye maji ya barafu, fuwele zitakuwa zimeshatokea. PET ukiipoza haraka mpaka chini ya nyuzijoto 70, inaganda ikiwa bado imevurugika, angavu kama kioo. Ukiipoza taratibu, au ukiipasha tena mpaka 150 hivi, fuwele zinatokea na inakuwa nyeupe kama chaki. Molekuli ni ileile. Kwa hiyo kuna trei ya PET angavu inayojikunja ukiitia maji ya moto, na kuna trei ya PET isiyoonyesha ndani, iliyofuwelishwa makusudi ndani ya kalibu ya moto, inayoingia kwenye oveni ya nyuzijoto 200 na kutoka nzima. Anayesoma jina tu atazichanganya.

Chupa ya maji ndiyo ujanja mkubwa zaidi. Inaanza kama kichupa kinene kinachofanana na neli ya majaribio, kikiwa na mdomo wenye nyuzi za kufungia tayari. Kinapashwa mpaka karibu nyuzijoto 100, ufito unakivuta kwa urefu, hewa inakipuliza kwa upana. Kuvutwa huko kunanyoosha minyororo, na minyororo iliyonyooka hujipanga upesi. Fuwele zinazopatikana ni ndogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga, kwa hiyo mwanga unapita bila kuziona. Hapo umepata chupa angavu yenye fuwele, nyepesi, inayozuia gesi ya soda isitoroke. Nathaniel Wyeth alipata hataza ya chupa ya namna hiyo mwaka 1973.

Ukiwa na chupa tupu na mashine ya kupuliza hewa ya moto, jionee mwenyewe, ila fanyia mahali penye hewa na usiishike kwa mkono. Elekeza hewa kwenye mwili wa chupa: unajikunyata mara moja, maana minyororo iliyonyooshwa inarudi kwenye uvivu wake. Sasa elekeza kwenye mdomo, ambao haukuvutwa kamwe. Kwanza unalegea. Ukiendelea, unaanza kuingia ukungu, halafu weupe unasambaa mpaka mdomo wote ni mweupe. Hizo ni fuwele zinazaliwa mbele ya macho yako. Viwanda vinavyojaza vinywaji vikiwa vya moto hufanya hivyo makusudi, ndiyo maana baadhi ya chupa zina mdomo mweupe na mwili angavu.

PLA, inayopendwa na wenye mashine za kuchapa vitu vya pande tatu, ni mvivu vilevile. Inatoka kwenye mashine karibu haina fuwele na inalegea kwenye nyuzijoto 60, ndiyo maana kifaa kilichoachwa ndani ya gari juani kinajipinda. Ukikipasha ndani ya oveni kwa nyuzijoto 100 hivi kwa muda, fuwele hukua na kinastahimili joto zaidi. Bei yake ni kwamba kitanywea na pengine kupinda. Kwa kitu chenye matundu ya skrubu yaliyopimwa kwa uangalifu, nisingefanya.

Ilipozwa vipi?

Fuwele zinakua kati ya viwango viwili vya joto: juu mno minyororo inacheza sana haitulii, chini mno haiwezi kusogea. Mwenye kiwanda anaamua plastiki ikae muda gani katikati hapo. Akipoza haraka anapata fuwele chache na matufe madogo. Kitu kinakuwa laini kidogo, kigumu kuvunjika, na chenye uangavu zaidi. Akipoza polepole anapata ugumu, lakini matufe makubwa yana mipaka dhaifu, na ufa unapenda kufuata mipaka hiyo.

Kuna njia ya tatu, kupanda mbegu. Poda kama talki au benzoeti ya sodiamu ikichanganywa kidogo kwenye polipropilini inaipa viini vingi vya kuanzia. Badala ya matufe machache makubwa unapata mengi madogo, kitu kinaganda mapema, kinatoka kwenye kalibu haraka, na kwa viini vya aina maalumu kinakaribia kuwa angavu. Vile vyombo vya polipropilini unavyoona ndani karibu kama kioo vimetengenezwa hivyo. Kwa hiyo vyombo viwili vyenye namba 5 chini vinaweza kuwa na tabia mbili.

Ningechagua hivi

Geuza chombo utazame namba ndani ya pembetatu. 1 ni PET, 2 ni HDPE, 4 ni LDPE, 5 ni polipropilini. Hizi zina fuwele au zinaweza kuwa nazo. 6 ni polistairini, isiyo nazo. 3 ni PVC, ambayo ina chembe chache tu, ihesabu na zisizo na fuwele. 7 ni mchanganyiko wa kila kilichobaki, haikuambii lolote. Namba ikikosekana, kata kipande. Kikielea majini na uso wake una ulaini kama nta, karibu hakika ni polietilini au polipropilini. Kikizama, ni angavu, na kinavunjika ukikikunja, kishuku polistairini.

Kitu cha kuonyesha kilichomo, chenye vipimo vya kubana, kisichokutana na viyeyushi: isiyo na fuwele, na kama kitagongwa, polikaboneti. Kitu cha kukunjwa, kusuguana, kubeba kemikali au kuchemshwa: yenye fuwele. Gia na vijiti vya kuteleza navipa asetali bila kufikiri mara mbili, hata kama inanywea, kwa sababu inanywea kwa namna inayotabirika. Kazi inayotaka uangavu na uvumilivu wa kemikali kwa pamoja ndiyo inayoumiza kichwa. Hapo angalia kwanza kama PET iliyovutwa inatosha, mradi joto lisizidi 60 hivi.

Na kuna njia ya kugawanya kazi badala ya kulazimisha plastiki moja ifanye yote. Kasha la DVD lilikuja baada ya lile la CD, na waliolibuni waliacha polistairini. Mwili wake ni polipropilini, mara nyingi nyeusi, na mgongo wake unakunjika kwenye mikunjo miwili myembamba ileile ya kifuniko cha shampuu. Picha ya jalada haikai ndani ya kasha. Imefunikwa na utando angavu upande wa nje, mwembamba kiasi kwamba fuwele hazipati nafasi ya kuuzuia mwanga. Diski iliyomo ndani bado ni polikaboneti.